Waliotangulia Miambani



Katika mikutano yetu kuna swali moja linalorudi daima, hata kama tumeanza na mada nyingine kabisa. Tunaanza na sakramenti ya ndoa, tunaishia kwenye swali hilo. Tunaanza na kilimo cha maharage, tunafika palepale. Ni nani aliyetangulia katika nchi hii? Vilima vya Masisi ni vya nani, na msitu wa Walikale ni wa nani? Nimekwisha kutambua kwamba kijana anayeuliza hivyo mara nyingi amepewa jibu tayari nyumbani kwao. Haulizi apate kujua. Anauliza apate kuona mwalimu atasimama upande gani.

Mimi ni katekista, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafunza walimu. Katika kazi hizo mbili nimejifunza kutolijibu swali hilo kwa haraka. Leo ninataka kulijibu, lakini kwa kuzunguka, kama mtu anayepanda mlima mkali asiyefuata njia ya mkato. Nitawapitisha kwanza mahali palipo mbali na kwetu, katikati ya Tanzania, nilipofika miaka kadhaa iliyopita pamoja na walimu wenzangu: makorongo na miamba ya Kondoa.

Neno korongo wengi wetu tunalijua kwa yule ndege mwenye miguu mirefu. Kule Kondoa korongo ni mfereji mkubwa uliochimbwa na maji ya mvua, wenye kuta za udongo mwekundu, na ndani yake watu na ng'ombe hupita kana kwamba wanapita katika barabara. Sisi tumezoea mito inayotiririka mwaka mzima. Kule mto ni njia ya mchanga kwa miezi mingi, na mwanamke anayetaka maji huchimba shimo katika mchanga huo, akangoja. Mibuyu imesimama bila majani. Mmoja wetu, mzaliwa wa Walikale, ambaye utotoni hakupata kuona anga lisilokatwa na matawi, aliniambia kwamba nchi ile inamtia hofu kwa sababu haina mahali pa kujificha.

Lakini nchi ile haikuumbwa kuwa jangwa. Misitu ilikatwa, mifugo ikaongezeka, mvua ikaikuta ardhi i uchi ikaichukua. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi uitwao Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika sehemu iliyoharibika zaidi, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Fikirini kidogo amri kama hiyo ikitolewa Masisi! Wafugaji waliumia sana, na sitasema kwamba walitendewa kwa upole. Lakini majani yalirudi, na miti ikarudi. Tulipopita tuliona makorongo ya zamani ambayo kingo zake zimeshikwa tena na mizizi. Nilivikumbuka vilima vyetu, vilivyokuwa msitu na sasa ni malisho mpaka kileleni, na ile mistari ya udongo uliomomonyoka inayoonekana kila baada ya mvua kubwa. Hilo lingetosha kuwa makala yake, nami naliacha hapa.

Kolo ni kijiji kilichoko kaskazini kidogo ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Tulipofika, hapo palikuwa na ofisi ya Idara ya Mambo ya Kale. Mgeni huandika jina lake katika daftari, hulipa ada, kisha hupewa mwongozaji. Bila mwongozaji hapandi mtu. Mwanzoni tuliona ni usumbufu, maana sisi ni watu wa vilima na hatuhitaji kufundishwa kupanda. Baadaye tulielewa. Gari lilituacha chini, tukapanda kwa miguu kati ya mawe makubwa yaliyorundikana, na mara mbili nilipita mbele ya michoro bila kuiona. Mwongozaji ndiye aliyenirudisha, akanisimamisha mahali fulani, akaniambia nisitazame mwamba bali nitazame rangi. Ndipo twiga akatokea. Kisha pofu. Kisha watu.

Watu hao ni warefu na wembamba mno, kama mianzi, na vichwa vyao vimetengenezwa kwa namna ambayo huwezi kujua kama ni nywele, kofia au kinyago. Wengine wanashika pinde. Wengine wanaonekana wakicheza ngoma, au wanaelea. Tembo wapo, na wanyama wengine ambao rangi yao imefifia mpaka mchoro umekuwa kama doa la damu ya zamani. Mengi yamechorwa kwa wekundu, rangi iliyopatikana katika mawe na udongo wenye madini ya chuma. Juu ya wekundu huo, mahali pengine, kuna michoro mingine ya rangi nyeupe, minene, isiyo na wembamba wa ile ya kwanza: wanyama na alama mbalimbali zilizopakwa kwa kidole. Nyeupe iko juu ya nyekundu. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kusema ipi ilitangulia.

Michoro hiyo haiko mahali pamoja. Imetawanyika katika mapango na vivuli vya miamba kwenye ukingo wa magenge yanayotelemka kuelekea Bonde Kuu la Ufa, lile lile bonde ambalo tawi lake la magharibi linapita kwetu na kulilaza Ziwa Kivu. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliipa hifadhi ya kisheria mwaka 1937. Mwaka 1951 mtafiti Mary Leakey, ambaye wengi wanamjua kwa ajili ya mifupa ya Olduvai, alikaa huko akinakili michoro kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na kitabu chake juu yake kikatoka mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO iliandika eneo lote, kilomita za mraba 2,336, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo iliandikwa pia michoro ya Chongoni nchini Malawi, na mtaona baadaye kwa nini ninaitaja.

Umri wa michoro ya Kondoa ni jambo ambalo wataalamu hawajakubaliana. Iliyo mipya ina miaka mia kadhaa tu. Iliyo mikongwe ina maelfu. Katika mwamba mmoja uitwao Kisese, chini ya ukuta uliochorwa, wachimbaji walikuta shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, na tabaka zenye shanga hizo zimepimwa na kupewa zaidi ya miaka 40,000. Haimaanishi kwamba ukuta ulichorwa siku hizo. Inamaanisha kwamba kuna mtu alikaa chini ya mwamba ule, akatoboa shanga, akajipamba, zamani ambazo akili haizifikii.

Kati ya michoro ya Kolo kuna mmoja mashuhuri: mtu mmoja katikati, watu wawili upande huu na wawili upande ule, na mikono yao inashikana naye. Wazungu waliouona walisema ni utekaji: mwanamke anavutwa na maadui, na ndugu zake wanamrudisha. Tulipousimamia, sisi walimu tisa tulipata maana tisa. Mwenzetu mmoja alisema ni mahari haijakamilika. Mwingine, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amemkomboa binti yake kutoka mikononi mwa watu wenye silaha, hakusema neno, akatoka kwenda kukaa juani. Nimemfikiria mara nyingi. Mchoro ulimwambia kitu, lakini ni mambo yake mwenyewe uliyomwambia. Juu ya aliyeuchora hakuambiwa lolote.

Kosa hilo la kujiona wenyewe katika jiwe tumelifanya hata sisi Wakatoliki. Huko Kongo ya Kati, katika nchi ya zamani ya Wakongo, kuna pango liitwalo Mbafu, na katika kuta zake kuna misalaba. Waliofika huko karne iliyopita walifurahi: walisema ni kazi ya Wakristu wa kwanza, waliobatizwa baada ya mfalme Nzinga a Nkuwu kupokea ubatizo mwaka 1491. Huenda baadhi yake ni hivyo. Lakini wanahistoria wametuonyesha kwamba Wakongo walikuwa na alama ya msalaba kabla ya padri yeyote kushuka melini. Kwao ilikuwa njia ya jua, na njia panda kati ya walio hai na wafu. Msalaba mmoja, mizizi miwili. Mimi kama katekista jambo hilo halinipunguzii imani. Linanionya tu nisiharakishe kuwapa marehemu dini ambayo hawakuniambia.

Sasa nirudi kwa mwongozaji wetu. Alikuwa Mrangi, Mwislamu, kama walivyo Warangi wengi wa Kondoa. Nilimwuliza swali lile lile mnaloniuliza ninyi: ni nani aliyechora haya? Akajibu bila kusita: "Si sisi." Warangi, alisema, walikuja baadaye. Wanasema lugha ya Kibantu, ni wakulima na wafugaji, na walipofika walikuta miamba imekwisha kuchorwa. Wachoraji wa wekundu walikuwa wawindaji na wachumaji wa matunda na asali. Wataalamu wengi wanawahusisha na wazee wa Wasandawe, ambao hata leo wanaishi katika nchi ya jirani na lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, zisizofanana na lugha yoyote ya majirani zao. Mtafiti Eric Ten Raa, aliyekaa na Wasandawe, aliandika mwaka 1971 kwamba baadhi yao walikuwa bado wakijua maana ya michoro ya namna hiyo, na wakiihusisha na ngoma zao za kuaguza na za kupokea watoto mapacha. Ile nyeupe ya juu ndiyo inayodhaniwa kuwa ya wakulima waliofuata.

Nikamwuliza tena: kama si ninyi, kwa nini mnailinda? Akacheka. Akasema kwamba babu yake aliukuta mwamba, yeye naye ameukuta, na aliyeukuta mwamba hana ruhusa ya kuufanya usiwepo.

Msidhani kwamba ulinzi huo umekuwa kamili. Zamani palijengwa vizuizi vya waya mbele ya baadhi ya michoro, na wanakijiji wakauchukua waya kwa matumizi yao. Kwao waya ulikuwa na faida kuliko twiga wa rangi. Baya zaidi ni wachimbaji wa hazina. Mnamo Mei 1916 Wajerumani na majeshi ya Waingereza kutoka Afrika Kusini walipigana Kondoa, na tangu hapo watu wanaamini kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu chini ya mapango. Basi wanakuja usiku na sururu, wanachimba chini ya michoro, wanalivuruga tabaka ambalo lingeweza kutuambia umri wa wachoraji. Hakuna aliyepata dhahabu. Nilipolisikia hilo nilicheka kwa uchungu kidogo, maana vita hiyohiyo ilipita kwetu: majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka Kivu mwaka 1916 mpaka Tabora, na babu zetu walibeba mizigo mgongoni. Na kuchimba tunakujua. Tangu mwaka 2002, mlima wa Bisie huko Walikale ulipojulikana kwa bati lake, vijana wangapi wa parokia zetu wamepanda njia ile ya msituni na wangapi wamerudi?

Kuna jambo jingine la Kolo ambalo nilisita kuliandika katika ukurasa huu. Mmoja wa miamba ile huitwa Mungomi, na watu wa huko bado wanaupanda kwa ajili ya kuomba mvua na uponyaji. Hutoa sadaka, humwaga pombe, na mahali pengine pombe na mafuta vimegusa michoro yenyewe. Wahifadhi wanalalamika kwamba matambiko yanaharibu urithi wa dunia. Wenyeji wanajibu kwamba kwao mwamba haukuwa urithi wa dunia, ulikuwa mahali pa kuombea, na kwamba serikali ilifika ikakuta watu wanaomba. Nani mwenye haki? Nimekwisha kusema kwamba mimi ni katekista, na sitawaambia mwende kutambika. Lakini Mtume Paulo alipofika Athene na kuikuta altare ya Mungu asiyejulikana, hakuipiga teke. Alianzia hapo kuhubiri. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Mtu anayepanda mwamba kuomba mvua kwa ajili ya watoto wake, mimi siwezi kumdharau. Wazee wetu wengi walifanya hivyo kabla ya mapadri kufika, na ni katika kuomba kwao huko ndipo neno la Mungu lilipopata mahali pa kuangukia.

Basi sasa tuelekee nyumbani, hatua kwa hatua.

Ukitoka Kondoa kwenda kaskazini magharibi na kuvuka Ziwa Viktoria, michoro inabadilika. Katika kisiwa cha Mfangano nchini Kenya, na huko Nyero katika wilaya ya Kumi, mashariki ya Uganda, hakuna twiga wala watu wembamba. Kuna duara ndani ya duara, ndani ya duara nyingine, kwa rangi nyekundu, na alama zenye umbo la mtumbwi. Wateso wanaoishi Nyero wanasema waliikuta. Waabasuba wa Mfangano wanasema vivyo hivyo, na wanawataja kwa jina watu waliochora: Batwa. Huko Chongoni, Malawi, habari ni hiyohiyo: ile nyekundu ya zamani ni ya wawindaji wafupi waliotangulia, na Wachewa walikuja baadaye wakachora nyeupe yao. Mtafiti Mganda Catherine Namono amefananisha duara za Uganda na michoro ambayo Bambuti wa msitu wa Ituri huichora juu ya nguo za magome ya miti, kazi ambayo kule hufanywa na wanawake. Gome huoza, jiwe hubaki. Inawezekana sana kwamba katika misitu yetu yote kulikuwa na michoro mingi kuliko Kondoa, ila ilivaliwa, ikachakaa, ikaisha pamoja na wenyewe.

Mnaona tunakofika. Batwa, au Bambuti kama wengine wanavyowaita, si watu wa mbali. Wako Masisi, wako Walikale. Ni wale wanaolima mashamba ya wengine kwa kulipwa kikapu cha mihogo. Ni wale ambao jina lao tunalitumia kumtukana mtoto asiyeoga.

Na zamani za nchi yetu ni ndefu kuliko mnavyofundishwa. Katika mkoa wetu huuhuu wa Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, kuna Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo, wenye urefu unaokaribia wa kalamu, wenye kipande cha jiwe gumu kilichotiwa nchani na mikato iliyopangwa katika safu tatu. Mfupa huo una miaka ipatayo 20,000. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Jumlisheni, ni 60. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Nayo ni 60. Ya tatu, ya katikati, inatoa 48. Wapo wanaosema ni hesabu ya mwezi, wapo wanaosema ni mchezo wa namba, na wapo wanaosema ni mikato ya kushikia tu ili mkono usiteleze. Mimi nikiwa darasani huwapa walimu wanafunzi namba hizo bila kuwaambia zimetoka wapi, nikawaacha wazichezee nusu saa. Kisha nawaambia. Kimya kinachofuata ni mojawapo ya mambo machache yanayonifanya niipende kazi hii. Mfupa wenyewe uko Brussels. Chini zaidi ya mto huohuo, huko Katanda, zilipatikana ncha za mifupa zenye meno za kuvulia samaki, ambazo zimekadiriwa kuwa na miaka 90,000 hivi.

Sasa rudini kwenye swali. Ni nani aliyetangulia?

Wahunde, Wanyanga, Watembo na wengine tunaowaita wenyeji wana masimulizi ya kuhama. Mengi ya masimulizi hayo yanataja mashariki, upande wa Semliki na Bunyoro. Walipofika, msitu ulikuwa na watu. Hilo halikufichwa na wazee: katika kutawazwa kwa wakubwa wa zamani, Batwa walikuwa na nafasi isiyoweza kujazwa na mwingine, na Daniel Biebuyck, aliyeandika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga kutoka kinywani mwa Candi Rureke, alieleza deni kubwa ambalo Wanyanga wanalo kwa watu hao wa msitu. Mtu haweki nafasi katika kiti chake cha enzi kwa ajili ya asiye na haki. Aliyepokelewa ndiye hufanya hivyo.

Wahutu na Watutsi waliopo Masisi nao hawakuja wote siku moja wala kwa njia moja. Wengi waliletwa na serikali ya Wabelgiji kati ya mwaka 1937 na 1955, katika mpango wa kuwahamisha watu kutoka Rwanda kuja Gishari na sehemu nyingine, ili wapate ardhi kwa vile kwao watu walikuwa wengi, na ili mashamba ya wakoloni yapate mikono. Aliyeletwa hakuuliza ardhi ilikuwa ya nani. Aliyekuwapo hakuulizwa kama anakubali. Wajukuu wa wote wawili wamezaliwa katika vilima vilevile, wamebatizwa kwa maji ya mito ileile.

Mnamo Machi 1993, sokoni Ntoto, wilayani Walikale, swali lenu lilijibiwa kwa panga. Katika miezi iliyofuata moto ule ulienea Masisi yote, na maelfu ya watu wa kila upande wakafa au wakakimbia. Nilikuwa kijana kama ninyi. Sitasimulia niliyoyaona, kwa maana kila mmoja wenu anaye mtu nyumbani anayeweza kumsimulia, na kila mmoja atasimuliwa nusu. Ninasema hili moja tu: katika yote yaliyosemwa siku zile, kwa sauti kubwa, juu ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, sikumsikia mtu hata mmoja akitaja Batwa. Hawakuwemo katika hesabu. Kama ardhi ni ya aliyetangulia, basi wote waliokuwa wakigombana walikuwa wageni wa watu waliokuwa wamejificha msituni wakingoja kelele ziishe.

Siwaambii hivi ili mtu yeyote aondoke mahali alipo. Kanuni ya kwamba ardhi ni ya wa kwanza peke yake ingetuondoa sote, Mrangi angeondoka Kolo na Mteso angeondoka Nyero. Ninawaambia ili mjue kwamba kanuni hiyo hatukuwahi kuiamini hata sisi wenyewe tunaoitamka. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilipopanuliwa mwaka 1975 mpaka ndani ya Walikale, Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu ule walitolewa, na hakuna aliyebeba bango la kuwatetea waliotangulia. Miaka mingi imepita kabla ya serikali yetu kutoa sheria ya kuwalinda, Sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022. Ninyi mliosoma, itafuteni. Muulize katika vijiji vyenu ni Mutwa yupi amekwisha kusikia kwamba ipo.

Nami niungame langu, maana si haki kuwauliza vijana maswali na kujiweka kando. Mwaka wangu wa kwanza wa ukatekista nilikuwa na mzee mmoja Mutwa kati ya wakatekumeni. Alikuja kila Jumamosi, akatembea saa tatu, akaketi nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia aketi hapo, na hakuna aliyemwambia asogee. Nilipokuwa nikiandika majina katika daftari, wengine wote niliwauliza jina la baba, la ukoo na la kijiji. Yeye niliandika jina lake moja, na mbele yake nikaandika "Mutwa", kana kwamba hilo lilikuwa ukoo, kijiji na baba yake kwa pamoja. Alibatizwa, akaendelea kuja, akaendelea kuketi karibu na mlango.

Niliporudi kutoka Kolo nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta nje ya kibanda chake akitengeneza mzinga wa nyuki. Nilimweleza juu ya miamba, juu ya duara nyekundu za Nyero, na jinsi watu wa nchi za mbali wanavyowataja Batwa kuwa ndio waliochora. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Kisha nikamwomba anieleze habari za ukoo wake: walitoka wapi, waliviitaje vilima hivi kabla yetu, na baba yake alikuwa nani.

Aliuweka mzinga chini, akanitazama.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni katekista wangu mwaka wa ngapi sasa?"

Nilihesabu. Ulikuwa mwaka wa kumi na nane.